Meza ya Brashi

Kidole gumba changu cha kulia kilianza kucheza asubuhi moja kazini, bila ngoma na bila kuombwa. Nilikuwa nimeshika jino la nta, maana mimi ni fundi wa meno ya bandia, na kazi yangu ni kukaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki nikichonga magego ya watu nisiowajua. Mkono mzima ulikuwa umetulia mezani, mstaarabu kabisa, isipokuwa hicho kidole kilichokuwa kinagonga-gonga nta kama mteja aliyechoka kusubiri. Nikakikemea. Kikatulia. Nilipogeuka kuchukua kisu, kikaanza tena.

Mtu mwingine angecheka akaendelea na kazi. Mimi sikucheka, kwa sababu baba yangu alianza hivyo hivyo. Kwake pia kilikuwa kidole gumba cha kulia, na yeye pia alikikemea. Baadaye ukafuata mkono, ukafuata mguu, kisha uso ukawa hauonyeshi tena kama amefurahi au amekasirika, na mwishoni mama akawa anamlisha kwa kijiko mwanamume aliyewahi kupanda nguzo za umeme kwa kazi. Kwa hiyo sikumuuliza mtu jina la ugonjwa. Nilikuwa nalijua, na sikutaka kulisikia likitajwa pamoja na jina langu.

Nikafanya kile alichofanya baba: nikanyamaza. Kliniki nilijifunza kuegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza na kubana kifundo cha mkono kwa kitabu kinene cha rangi za meno. Nyumbani ilikuwa kazi zaidi, kwa sababu mke wangu ana macho. Mtaani wote wanamwita Mama Mapacha, nami ni Baba Mapacha, ingawa mapacha wenyewe wako chuoni mbali na hutukumbuka wakiwa na shida tu. Mama Mapacha ni mpambaji wa keki. Anaandika majina ya maharusi kwa krimu, herufi zinazojikunja na kufuatana, huku anaongea na simu iliyobanwa begani, na hakuna herufi inayokwenda upande. Ni mtu mtulivu mno. Hata akikugombeza, hukugombeza kwa sauti ya kusoma taarifa ya habari. Mwenye mdomo nyumbani ni mimi. Basi mkono nikautia mfukoni, nikawa natembea sebuleni kwangu mwenyewe kama mgeni mheshimiwa anayekagua gwaride.

Nina ugonjwa mwingine wa siku nyingi, huu wa kujitakia: naunda ndege za plastiki. Si vitu vya kuchezea. Ukiniambia ni vitu vya kuchezea tutakosana hapo hapo. Unapata sanduku, ndani yake vipande vimeshikana kwenye matawi ya plastiki, unavikata, unavisugua, unavigundisha, unavipaka rangi, na baada ya miezi una ndege kamili kwa kila kitu isipokuwa ukubwa. Chumba cha mapacha kimegeuka karakana, na wakija likizo wanalala katikati ya harufu ya gundi wakilalamika.

Aliyeniharibu ni rafiki yangu mwenye duka la vitu hivi. Tunamwita Gundi kwa sababu vidole vyake havijawahi kuwa safi, na ukimpa mkono unachelewa kidogo kuurudisha. Gundi haishi leo, anaishi mwakani. Ukiingia dukani kwake hakuonyeshi kilichopo rafuni. Anakuchomolea simu akuonyeshe kilichotangazwa. Kiwanda hiki kinatoa helikopta, kile kinatoa ndege ya abiria yenye milango inayofunguka, na wewe unasimama pale unameza mate kwa kitu ambacho hakijazaliwa. Mwaka ule tulishikwa na homa ya ndege moja, kubwa, ya kutua majini, yenye injini nne, ambayo hakuna aliyewahi kuitoa kwa kipimo tunachokitaka. Kwanza walionyesha picha ya sanduku. Baadaye picha ya bawa. Ikasemwa itatoka baada ya mvua. Mvua zikaja, zikakatika. Ikasemwa mwisho wa mwaka. Nilikuwa sijanawa uso, tayari nimeshika simu kuangalia kama imetoka.

"Itatoka tu," Gundi alikuwa akiniambia. "Tulia, mzee."

Nitulie! Zamani waliposogeza tarehe nilikasirika, nikawatukana kidogo, nikaenda zangu kula. Sasa kila waliposogeza tarehe niliutazama mkono wangu. Nilianza kupiga hesabu za ajabu: ikitoka baada ya miezi kadhaa, na kuiunda kunachukua mwaka, je, sanduku likifika litanikuta na mkono wa namna gani? Nilikuwa naanza kazi moja naiacha, nashika brashi naiweka, naingia jikoni sijui nimefuata nini. Mama Mapacha aliniuliza kama kuna wadudu kwenye kiti changu.

Chama chetu hufanya mashindano kila mwaka katika ukumbi wa maktaba. Kuna meza ya ndege za kivita, ya ndege za abiria, ya helikopta, na kuna Meza ya Brashi, ambayo ndiyo yangu. Kwenye meza hii ni marufuku kupulizia rangi kwa mashine, ni marufuku pia kubandika tepu ili mstari unyooke. Kibao chake kimeandikwa hivi tangu enzi za waanzilishi: *Brashi na mkono wa mshiriki, basi.* Watu wa meza nyingine hutuita mabaki ya kale. Sisi huwaita wapiga dawa ya mbu, na tunasalimiana vizuri tu.

Ndege yangu mwaka huo ilikuwa ya mafunzo, ya zamani, yenye viti viwili, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma, wote chini ya kioo kirefu chenye fremu nyingi mpaka kinafanana na banda la vifaranga. Mwili na mabawa nilikuwa nimeyamaliza kabla kidole hakijaanza fujo. Zilibaki fremu za kioo: mistari ya kijani, myembamba, juu ya plastiki angavu, mahali ambapo ukiteleza kidogo tu kila mtu ataona. Wiki ya mashindano nilikuwa nimeweka miadi ya siri kwa daktari wa mishipa ya fahamu, siku ya Alhamisi. Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Hapo nikajiwekea dau. Nikakata shauri kwamba nikizipaka fremu zile kwa brashi zikanyooka, basi hiki si kile cha baba. Ni uchovu, ni kahawa, ni umri. Nikishindwa, ndicho chenyewe, na Alhamisi nitakwenda kuambiwa ninachokijua. Ni upuuzi, naelewa. Lakini mtu mwenye hofu hukubaliana na upuuzi haraka sana, na mimi nilikuwa na hofu hadi kwenye kucha.

Jumanne asubuhi niliamka mapema, nikavaa miwani ya kukuza, ile ya kufunga kichwani, nikachanganya kijani na tone la maji. Mstari wa kwanza ulikwenda. Nikajipongeza kwa sauti. Kwenye wa pili kidole kikaamka. Brashi ikaruka ikatua katikati ya kioo, ikaacha alama ya kijani mahali ambapo mwanafunzi wa urubani angepaswa kuona mawingu.

"Mshenzi wewe," nikauambia mkono.

Nikaushika kifundo kwa mkono wa kushoto. Ikawa vibaya zaidi, sasa mikono miwili inapigana juu ya ndege moja. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilipandwa na hasira nikaendelea, fremu baada ya fremu, nikitukana chini chini, mpaka kioo chote kikawa kimepakwa. Nikainua ndege. Kupitia miwani niliona matope ya kijani, kama ng'ombe amepita.

Hapa kuna jambo ambalo ni watu wa kazi hii tu wanaoweza kujidanganya nalo. Sisi tuna sheria: usiihukumu kazi yako ukiwa umevaa miwani ya kukuza. Chini ya miwani ile unywele ni kamba ya meli na vumbi ni kokoto. Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kutupa kipande kizuri kwa sababu ya miwani, akakiokota kesho yake kwenye pipa, akajuta. Gundi huiita mchochezi. Unatakiwa uivue, uondoke, urudi rangi ikiwa imekauka, kisha utazame kwa macho yako matupu kama atakavyotazama mtu wa kawaida. Tena rangi nzuri hujipanga yenyewe ikikauka; inajivuta, inalala. Nikavua miwani bila kutazama tena. Nikaiacha ndege mezani, chupa ya rangi wazi, nikaenda kazini.

Siku hiyo sikufanya kazi, nilizunguka. Niliweka nta kwenye moto ikaungua. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Daktari wa meno, bosi wangu, aliingia akaniuliza kama nasubiri mtoto azaliwe. Nikasema kitu kama hicho. Kila nilipofumba macho niliona matope ya kijani, na kila nilipoyafumbua nilijiambia ni mchochezi yule, si kweli, rangi itakuwa imejipanga. Nilitoka kabla ya wakati na nikatembea haraka, karibu kukimbia, mtu mzima na tumbo langu.

Nyumbani nikapita moja kwa moja hadi chumba cha mapacha. Bado kulikuwa na mwanga wa kutosha dirishani. Nikaichukua ndege, nikaielekeza kwenye mwanga.

Fremu zilikuwa zimenyooka. Sisemi zilikuwa afadhali. Zilikuwa zimenyooka, nyembamba, kila moja imekutana na mwenzake konani bila donge, na vioo kati yake ni safi kabisa. Nikakaa kitandani. Miwani sikuivaa tena. Kwa nini nimpe mchochezi nafasi? Nilicheka peke yangu, kisha nikagundua nalia, kisha nikacheka tena.

Mama Mapacha alikuwa jikoni, ameinamia keki ya ghorofa, mfuko wa krimu mkononi.

"Nimeweza!" nikamwambia.

"Umeweza nini?"

"Fremu! Zile za kioo. Kwa mkono huu huu, mama."

Alinitazama. Nilidhani anashangaa furaha yangu, maana si kawaida kuniona hivyo siku ya kazi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Hongera, Baba Mapacha," akasema, akarudi kwenye keki yake.

Nilimbusu kisogoni, nikatoka uani, nikampigia simu karani wa daktari wa mishipa ya fahamu. Akaniuliza kama nataka kusogeza mbele. Nikamwambia asisogeze, afute kabisa. Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa Gundi nikamwambia aniwekee ile ndege ya majini, sanduku la kwanza litakaloshuka, nisije nikasikia amempa mtu mwingine. Gundi alifurahi kuliko mimi. Tulikaa pale tukipanga rangi za ndege ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa.

Ungedhani baada ya hapo nililala usingizi. Mkono haukujua kwamba nimeshinda dau. Jumatano ulimwaga sukari. Alhamisi, saa ambayo ningekuwa kwa daktari, ulikataa katakata kuingiza ufunguo kwenye kitasa, nikasimama mlangoni kwangu kama mwizi asiye na uzoefu. Nikasema ni kahawa. Nikaacha kahawa. Ijumaa nikasema ni kukosa kahawa. Kila mara nilirudi chumbani kuitazama ndege, nizione fremu, nitulie kidogo, halafu baada ya muda mfupi nilikuwa tena nimesimama mlangoni naitazama. Kitu fulani kilikuwa hakikai sawa, na sikutaka kukisogelea.

Jumamosi Mama Mapacha akasema anakuja na mimi. Kwa kawaida haji. Anasema amechoka kuzungukwa na wanaume wanaobishana kuhusu rangi ya matumbo ya ndege. Safari hii alivaa akasimama mlangoni akinisubiri. Njia nzima alibeba sanduku la ndege mapajani mwake, hakutaka nilibebe.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Meza ya Gundi ilizungukwa zaidi ya zote, kwa sababu alikuwa ametumiwa vipande vya majaribio vya ile ndege ya majini: vya kweli, vya plastiki, vimelazwa juu ya kitambaa cheusi. Nilijipenyeza mpaka mbele. Vidirisha vyake vilikuwa vidogo kama mbegu za ufuta. Nilivitazama na mkono ukaanza kupiga ngoma ndani ya mfuko, mpaka jamaa wa kando yangu akadhani simu yangu inaita.

"Simu hiyo, mzee," akaniambia.

"Waache wapige," nikasema.

Ikafika zamu ya Meza ya Brashi. Mwenyekiti wetu ni mpima ardhi mstaafu, mtu anayeona kosa la unene wa karatasi, na sijawahi kumsikia akisifu kitu bila kuweka "lakini". Alipita na tochi yake akiinamia kila ndege, mkono mmoja nyuma. Kwenye yangu alikaa sana. Alizunguka upande wa pili. Akainama tena. Nilimtazama Mama Mapacha nikamkuta anatazama sakafu.

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu, nimemulika kioo hiki tangu mbele hadi nyuma," akasema, "na sijaona brashi ilipotikisika. Hata mara moja. Kama kuna mtu amesahau maana ya mkono wa mshiriki, aje hapa aone. Huu ndio mkono. Baba Mapacha, njoo mbele, uwaambie wenzako unafanyaje."

Makofi. Nikaenda. Kikombe kilikuwa kidogo, cha bati lenye rangi ya dhahabu, na nilikitaka kuliko kitu chochote ukumbini.

"Unafanyaje?" Mwenyekiti akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nilitafuta kichwani nikakuta matusi tu. Nilichokikumbuka cha Jumanne ile ni mimi kuutukana mkono wangu.

"Ni kujikaza tu," nikasema. Watu wakacheka.

"Hebu tuambie ile kona ya nyuma," mmoja akauliza kutoka viti vya katikati. "Pale fremu zinapokutana. Umepitaje bila kuacha donge la rangi?"

Sikuwa na habari ya kona yoyote. Nilisimama pale, fundi bingwa, mdomo wazi.

"Huanzii kwenye kona," sauti ya mwanamke ikasema. "Unaanzia katikati ya mstari, unakwenda konani, na unainua brashi kabla hujafika. Rangi inamalizia yenyewe. Na pumzi usiibane, unaitoa taratibu."

Alikuwa Mama Mapacha. Alikuwa anaitazama ndege, si mimi, kwa ule uso wake wa kazini, wa mtu asiyeweza kuvumilia kazi ikielezwa vibaya. Alipomaliza ndipo akasikia alichosema. Akaweka mkono mdomoni.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na makofi. "Mama naye fundi!" wakapiga kelele. Mwenyekiti mwenyewe alicheka. Wote walidhani ni mke aliyekaa na mume mpaka amejifunza maneno yake. Mimi peke yangu nilijua kwamba maneno yale sijawahi kuyasema, wala hayatoki kwenye ndege. Hivyo ndivyo anavyoandika majina juu ya keki.

Nikaiona Jumanne yote kwa mara moja. Nimeondoka nimeacha matope ya kijani na chupa wazi. Ameingia labda kufagia. Ameona. Amekwangua rangi ile kwa kijiti cha meno, taratibu, kioo baada ya kioo, akachukua brashi yake nyembamba kuliko zote, akapaka. Alitaka nisiumie. Hakujua kwamba nimeweka dau, wala kwamba kwa sababu ya mistari yake nimefuta miadi ya daktari. Kwa hiyo dau nilikuwa nimelipoteza tangu asubuhi ile. Nilikuwa na ugonjwa wa baba, na nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikisifiwa mkono.

Mwenyekiti akaninyooshea kikombe. Ningeweza kukipokea kwa mkono wa kushoto nikaenda zangu. Nilimtazama mke wangu, akatikisa kichwa kidogo sana: pokea, nyamaza. Alitaka nipokee. Hapo ndipo hasira ziliponipanda, na hata leo sijui zilikuwa za nani. Hazikuwa zake.

"Fremu si zangu," nikasema.

Kipaza sauti kikapiga mluzi. "Unasemaje?" akauliza Mwenyekiti.

"Fremu amepaka mke wangu. Mimi nilizichafua, yeye akazisafisha. Mkono wa mshiriki ni huu hapa."

Nikautoa mfukoni, nikaunyoosha mbele. Ulikuwa umesubiri nafasi hiyo. Ulicheza mbele ya ukumbi mzima, kidole gumba kikiongoza, na hakuna aliyecheka. Gundi aliacha kipande cha bawa kikaanguka mezani nikakisikia. Mwenyekiti alifunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Rudi ukae," akaninong'oneza. "Tutazungumza baadaye."

"Kanuni inasemaje?"

"Baba Mapacha, tafadhali."

"Toa ndege yangu mezani," nikasema. "Ingekuwa yako ungeitoa."

Akaitoa. Aliibeba kwa mikono miwili, kwa heshima, akaiweka kwenye meza ya maonyesho ambako hakuna anayeshindana. Kikombe kikaenda kwa aliyekuwa wa pili, jamaa mwenye ndege ya posta, na yeye hakujua akishike wapi. Nikampigia makofi kwa nguvu ili aache kunitazama hivyo. Kupiga makofi kwa mkono ule ni rahisi, unakwenda wenyewe.

Nilitoka nje kwenye ngazi za maktaba, na Mama Mapacha akanifuata. Tulikaa ngazi moja. Watu walikuwa wanapita na masanduku yao, wanatusalimia kwa sauti ya chini kama tumefiwa.

"Ungekaa kimya ungepungukiwa nini?" akaniuliza.

"Nilikuwa na miadi kwa daktari Alhamisi. Nikaifuta."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya fremu. Nilisema zikinyooka sina ugonjwa wa baba."

Alivuta pumzi, akaishika, yeye anayefundisha watu waitoe. Nilimwona anapanga Jumanne yake na yangu pamoja, kama nilivyofanya mimi kule ndani, na uso wake ukabadilika.

"Sikujua," akasema. "Uliingia jikoni unafurahi vile. Sijakuona hivyo muda mrefu. Nikashindwa kukuambia."

"Ungejuaje? Nilikuficha."

"Ulificha," akakubali.

Kulikuwa na kitu katika namna alivyokubali. Nikamgeukia.

"Umejua tangu lini?"

Akakunja kitambaa chake, akakikunjua. "Chai yako unakunywa nusu kikombe," akasema.

"Nimepunguza. Tumbo linanisumbua."

"Hujapunguza. Mimi ndiye ninayemimina nusu."

Nikajifanya natazama watu wanaoshuka ngazi.

"Mashati ya kazini," akaendelea, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, lakini safari hii ilikuwa inakwaruza. "Vifungo nilivitoa nikaweka vya kubonyeza. Vile vya juu ni pambo. Ulidhani kwa nini yanafunguka ukivuta tu?"

Nilishika shati langu kifuani. Nilidhani ni mtindo mpya. Niliwahi kulisifu.

"Na kijiko chako ni kile kizito," akasema. "Vile vyepesi nimevipeleka juu ya kabati. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Kila siku nasema leo ataniambia."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, maana ndiyo kazi yangu katika nyumba ile, nikakikosa. Nilijiona miezi yote nikitembea sebuleni na mkono mfukoni, mjanja, nikijisifu kwamba nimemzunguka, na yeye nyuma yangu anahamisha vijiko. Niliona aibu, nikampenda mpaka kifua kikauma, vyote kwa pamoja.

"Ninaogopa," nikamwambia. "Ninaogopa sana, Mama Mapacha."

"Na mimi," akasema. "Jumatatu tunaenda. Mimi na wewe."

Akautoa mkono wangu mfukoni, maana nilikuwa nimeurudisha bila kujua, akauweka juu ya goti lake akaushika. Hakuubana ili utulie. Aliushika tu, ukaendelea kutetemeka ndani ya wake, na watu wakapita, nami sikuukemea.